Muulize Bi Mwalimu: Yule Waziri Mkuu wa Miezi 18

Toleo lililopita niligusia barua ya kijana wa Kisauni aliyerudi kutoka Doha, nikaahidi kumjibu kwa kirefu. Nilidhani ni swali la mtu mmoja. Kumbe Mombasa hii imejaa watu waliolala chumba kimoja na Wanepali huko Ghuba, na kila mmoja karudi na kisa chake. Nimechukua barua nne zinazomhusu mtu mmoja: BP Koirala, aliyekuwa waziri mkuu wa Nepal, na ukoo wake. Waliouliza habari za kupanda milima wanisamehe. Mimi ngazi za Fort Jesus tu zanitosha.

*Bi Mwalimu, shikamoo. Nilikuwa mlinzi Doha. Chumbani tulikuwa watu sita, na kitanda cha chini yangu alilala Mnepali wa Biratnagar. Ndani ya mlango wa kabati lake la chuma alibandika picha ya mzee mwembamba wa miwani. Nikadhani ni babake. Akaniambia huyo ni BP, aliyekuwa waziri mkuu wao: alitawala miezi 18, kisha akafungwa miaka 8. Akasema mapinduzi ya BP yalikuwa mwaka 2007, na mfalme akamng'oa mwaka 2017. Nikatafuta kwenye simu, naona mzee alikufa 1982. Nani ananidanganya, rafiki yangu au simu? Na mtu wa miezi 18 ana nini cha kubandikwa kabatini mpaka leo? — M., Kisauni*

Marahaba, mwanangu. Hakuna aliyekudanganya. Nepal ina kalenda yake, Bikram Sambat, ambayo mwaka wake huanza katikati ya Aprili na imeitangulia hii yetu ya ukutani kwa miaka 56 na miezi kadhaa. Basi 2007 yao ni 1950 kuingia 1951. Na siku ya kwanza ya mwezi wa Poush, mwaka wao 2017, ni tarehe 15 Desemba 1960. Ila kwa sikio la Mkenya, 2007 na 2017 ni miaka ya kura zake mwenyewe na purukushani zake, kwa hivyo sikulaumu ulipobaki mdomo wazi. Na sisi tunaofunga kwa mwezi mwandamo, tukalipwa mshahara kwa kalenda ya serikali, huku wavuvi wetu wakihesabu kusi na kaskazi, hatuna haki ya kumcheka mtu kwa kalenda.

Haya, BP ni Bishweshwar Prasad Koirala. Alizaliwa tarehe 8 Septemba 1914, na hakuzaliwa Nepal bali Banaras, India. Sababu za familia kuishi ugenini zinamhusu babake, na ukitaka kumwelewa mwana mwanzie hapo. Nepal ya wakati huo ilikuwa na mfalme wa jina tu. Tangu 1846 nchi ilishikwa na ukoo wa Rana, ambao uwaziri mkuu kwao ulikuwa urithi, kama shamba. Babake BP, Krishna Prasad Koirala, alikuwa mfanyabiashara mwenye uwezo wake upande wa Biratnagar. Siku moja akafunga kifurushi cha nguo zilizochakaa za maskini aliyeteremka kutoka milimani, akampelekea waziri mkuu, Chandra Shumsher, ili aone raia wake wanavaa nini na alinganishe na anachovaa yeye. Unaweza kukisia jibu. Mali ikachukuliwa, na familia nzima ikakimbilia India. Miaka baadaye mzee yule alifia kifungoni Kathmandu. Mimi hufikiri kile kifurushi ndicho chama cha kwanza cha siasa katika ukoo ule.

Mwana akasomea Banaras, akasomea sheria Calcutta, akafanya uwakili Darjeeling. Waingereza walimtia ndani katika harakati za Gandhi za 1942. Alipotoka, akawakusanya Wanepali waliokuwa India na kuunda chama mwanzoni mwa 1947. Miezi miwili haikupita, wakaingia kwenye mgomo wa kiwanda cha juti cha Biratnagar, huko huko kwa rafiki yako. Wakakamatwa. Sasa sikiliza: Biratnagar iko bondeni, mpakani na India, na Kathmandu iko ndani ya milima, na barabara ya gari ya kufika mji mkuu haikuwepo. Wafungwa wakatembezwa kwa miguu, mlima kwa mlima, hadi Kathmandu. Katika msafara ule walikuwemo BP, mdogo wake Girija na kijana mmoja mkomunisti aitwaye Manmohan Adhikari. Wote watatu, kila mtu kwa wakati wake, walikuja kuwa mawaziri wakuu. Askari waliokuwa wakiwaswaga hawakujua wanamswaga nani.

Mapinduzi ya "2007" ndiyo haya: Novemba 1950 mfalme Tribhuvan alitoka na familia yake kama anakwenda matembezi, gari zikakata kona zikaingia ubalozi wa India. Akina Rana wakamtawaza mjukuu wake aliyeachwa nyuma, Gyanendra, mtoto wa miaka mitatu. India ikampeleka mfalme Delhi kwa ndege, na wapiganaji wa chama cha BP, Nepali Congress, wakaanza kushambulia kutoka mpakani. Februari 1951 mfalme akarudi akatangaza enzi mpya. Kilichofuata ni miaka minane ya serikali kupanda na kushuka na uchaguzi kuahirishwa. Ulipofanyika hatimaye, 1959, chama cha BP kilipata viti 74 kati ya 109. Mwezi Mei akaapishwa. Hapo ndipo miezi 18 ya rafiki yako inaanza.

Kuhusu kabati, nitakujibu kwenye barua ya tatu. Usiruke.

*Mwalimu, hiyo miezi 18 alifanya jambo gani hata mfalme akaona amchukue kwa askari? Au alionewa bure tu? — Bi R., Majengo*

Bi R., wewe wa Majengo utaelewa upesi kuliko wote. Huku kwetu nyumba ni yako, ardhi ni ya mtu. Umejenga kuta, umeezeka, umezalia watoto humo, lakini mwezi ukiisha wampelekea wakala kodi ya ardhi, na mwenye ardhi mwenyewe wengine hatujapata kumwona uso.

Nepal walikuwa na birta. Mtawala alimpa jamaa yake, au kasisi, au ofisa aliyemtumikia, kipande cha nchi. Mpewaji hakulipa ushuru serikalini, alikusanya cha wakulima akala yeye, na akifa anarithi mwanawe. Kufikia 1950 karibu thuluthi moja ya ardhi iliyolimwa nchini ilikuwa ya namna hiyo, na sehemu kubwa ya hiyo ilikuwa mikononi mwa ukoo wa Rana. Serikali ya BP ilipitisha sheria ya kuifuta birta mwaka huo huo wa 1959, hata mwaka haujaisha tangu waapishwe. Ikavilenga pia vijifalme vidogo vilivyobaki milimani. Wewe waza mtu aingie bungeni leo, na kabla ya mwaka kwisha awe amefuta hati za mabwana ardhi wa Pwani nzima. Angelala kwake kwa amani?

Mabwana ardhi wakaenda kumlilia mfalme. Wakati huo alikuwa Mahendra, mwana wa Tribhuvan, na Mahendra hakupenda kuwa mfalme wa picha kwenye noti. Alikuwa na kinyongo kingine pia: BP alikuwa anajulikana nje. Machi 1960 alikwenda Beijing akaweka saini makubaliano ya mpaka, wakati China inaleta maneno juu ya Sagarmatha, mlima tuliofundishwa kuuita Everest. Juni mwaka ule Nepal ikafungua uhusiano na Israel, nchi ya kwanza ya Asia Kusini kufanya hivyo. (Kuna wasomaji wangu hapa watakaokunja uso. Kunjeni, lakini ndivyo ilivyokuwa.)

Tarehe 15 Desemba 1960 BP alikuwa kwenye mkutano wa vijana wa chama, Thapathali, Kathmandu. Wanajeshi wakaingia wakamchukua. Katiba ilikuwa na kifungu cha 55 kinachompa mfalme nguvu za hali ya hatari, na mfalme ndiye aliyekuwa ameitoa katiba hiyo mwaka uliotangulia. Akasema serikali imeshindwa kulinda sheria na inatumia madaraka vibaya. Bunge likavunjwa, na muda si muda vyama vikapigwa marufuku.

Kuonewa alionewa, lakini malaika hakuwa. Alikuwa mgumu wa kusikiliza. Alikwisha gombana hadharani na Matrika, kaka yake wa baba mmoja, wakagawa chama nusu kwa nusu wakati nchi inawahitaji wote wawili. Na waliomjua wanasema alimchukulia mfalme kama mtu wa kubishana naye kwa hoja, ilhali mfalme alikuwa na jeshi.

Kifungo kilikuwa Sundarijal, kambi ya jeshi nje ya Kathmandu. Miaka 8, bila kufikishwa kortini. Siku ile anachukuliwa, Kenyatta alikuwa Lodwar. Wetu akatoka kizuizini akaingia ikulu, wao akatoka ofisi ya uwaziri mkuu akaingia kizuizini. Huko ndani BP akaandika riwaya. Kabla ya siasa kumteka alikuwa mwandishi wa hadithi fupi, tangu miaka ya 1930, na hadithi zake hazikuwa za wafalme na vita bali za yaliyomo ndani ya nafsi za watu, hasa mambo ya mapenzi ambayo watu wa kwao hawakuyasema mezani. Kuna Wanepali hawampendi BP wa siasa hata kidogo, lakini vitabu vyake wanavyo.

*Bi Mwalimu, mkianza kuwasifu hawa watu semeni yote. Chama cha huyo BP kiliteka ndege. Na nimesikia mume wa yule mama aliyekuwa waziri mkuu baada ya vijana kuandamana alikuwa mmoja wa watekaji wenyewe. Mbona hayo hamuandiki? — S., Likoni*

Nayaandika sasa, S., tena kwa furaha, maana hiki kisa chanikuna kila nikikisoma.

BP aliachiliwa mwishoni mwa Oktoba 1968, akaenda uhamishoni Banaras. Mazungumzo hayakumfikisha popote, chama kikaamua kurudi kwenye bunduki. Bunduki zataka pesa. Tarehe 10 Juni 1973 ndege ndogo ya shirika la Nepal, Twin Otter, iliruka kutoka Biratnagar kwenda Kathmandu. Ndani kulikuwa na masanduku ya rupia za India, karibu milioni 3, mali ya serikali. Kulikuwa pia na vijana watatu wa chama. Wakamwelekezea rubani bastola, wakamshusha Forbesganj, Bihar, kwenye kiwanja cha majani. Chini alikuwa akingoja Girija, mdogo wake BP. Masanduku yakateremshwa, ndege ikaachwa iende zake na abiria wake, hakuna aliyeumizwa.

Na miongoni mwa abiria alikuwemo nani? Mala Sinha! Ndiyo, Mala Sinha mwenyewe wa sinema za Kihindi, na mumewe Mnepali. Wasomaji wa umri wangu waliokuwa wakipanga foleni Regal siku za Jumapili nawaona wameshika kichwa. Laiti watekaji wangeomba sahihi yake kabla ya kubeba masanduku.

Mmoja wa wale vijana watatu ni Durga Subedi. Na ndiyo, ni mume wa Sushila Karki, jaji mkuu wa zamani, aliyeapishwa kuwa waziri mkuu wa mpito Septemba 2025 baada ya maandamano ya vijana kumwangusha K.P. Oli. Ulichosikia ni kweli tupu.

BP alijua na alikubali. Sitampaka mafuta: kumwelekezea rubani bastola hewani ni kuchezea roho za watu ambao hawakukuomba uwakomboe. Na halikuzaa kitu. Watekaji walikamatwa India wakafungwa, na vijana waliovuka mpaka na silaha mwaka uliofuata waliuawa milimani.

Sasa M. wa Kisauni, njoo hapa, kabati lako ndilo hili. Tarehe 30 Desemba 1976, BP, mwenye umri wa miaka 62 na mgonjwa, alipanda ndege ya abiria pamoja na Ganesh Man Singh, mwenzake wa Sundarijal, wakarudi Kathmandu. Alijua anangojwa na mashtaka ambayo adhabu yake ni kifo. Hakuna aliyemhakikishia chochote. Alikuwa ameona Sikkim, jirani yao, ikimezwa na India mwaka 1975, akaona ugomvi wa wanasiasa na mfalme unaweza kuwapoteza wote na nchi yao. Akasema shingo yake na shingo ya mfalme zimeungana. Wakamkamata uwanjani pale pale. Mwaka 1977 wakamruhusu kwenda Marekani kutibiwa saratani ya koo. Akatibiwa, akarudi. Wakamkamata tena! Mimi nimefundisha historia maisha yangu yote ya kazi, na wanasiasa wanaokwenda kutibiwa nje wakati kesi inawangoja nawajua. Wa kurudi si wengi.

Mwaka 1979 wanafunzi walifanya ghasia, mfalme Birendra, mwana wa Mahendra, akashtuka, akatangaza kura ya maoni: watu waseme wanataka mfumo wa mfalme bila vyama, au vyama virudi. Nyinyi mnakumbuka kura yetu ya chungwa na ndizi ya 2005. Kwao ilikuwa rangi: njano kwa mfumo wa mfalme, bluu kwa vyama vingi. BP akazunguka nchi akihutubia kwa koo lile lile la saratani. Tarehe 2 Mei 1980 wakapiga kura. Njano ikapata karibu asilimia 55, bluu 45.

Wenzake wakasema wazi kuwa serikali imeiba, na hoja walikuwa nazo: mashine yote ya dola ilikuwa upande wa njano. BP akasema matokeo hakuyatarajia, lakini ameyakubali. Walimkasirikia. Wapo mpaka leo wanaosema hapo aliwauza.

Mimi nasema hapo ndipo alipofanya kazi kubwa kuliko ile ya miezi 18. Mtu huyu alikwisha jaribu bunduki, akaona zilivyowamaliza vijana wake. Angesema neno moja siku ile, milima ingewaka. Na ile bluu ya asilimia 45, iliyopigwa chini ya serikali isiyotaka hata kusikia jina la chama, ilibaki imeandikwa kwenye vitabu vya serikali yenyewe. Mwaka 1990, miaka kumi baadaye, watu walijaa barabarani na vyama vikarudi. Sisi tulikuwa bado na chama kimoja, kile kifungu cha 2A cha katiba kilichotubana na chama hicho kilifutwa Desemba 1991. Mfalme akampa Ganesh Man Singh uwaziri mkuu, akaukataa, akamsukumia Krishna Prasad Bhattarai, mfungwa mwingine wa Sundarijal. BP hakuyaona. Alikufa Kathmandu tarehe 21 Julai 1982, akirejeshwa kutoka Bangkok alikokuwa akitibiwa. Miezi ya mwisho alikuwa akisimulia maisha yake kwenye kanda, mwanasheria mmoja akimrekodi, na sauti yenyewe imekwisha.

Kwa hivyo S., yote nimesema. Ndege imo, na kurudi kumo.

*Bi Mwalimu, mimi siasa sizijui. Nataka kujua tu: Manisha Koirala wa sinema ana uhusiano na hao? Na mbona kila waziri mkuu wa Nepal ni Koirala? — Mpenzi wa sinema, Mji wa Kale*

Manisha ni mjukuu wa BP, mtoto wa mwanawe Prakash. Utoto wake mwingi aliupitisha Banaras kwa bibi yake. Babake, huyo Prakash, alikubali kuwa waziri mwaka 2005 wakati mfalme Gyanendra amejichukulia madaraka yote. Gyanendra ni yule yule mtoto wa miaka mitatu wa 1950. Chama cha BP kikamfukuza Prakash.

Si kila waziri mkuu, mama. Ila ni wanne: Matrika, BP, Girija na binamu yao Sushil. Girija alishika mara kadhaa tangu 1991, na ndiye aliyekuwepo ufalme ulipofutwa Mei 2008. Kuhusu Girija na jamaa zake kupewa vyeo, Wanepali wamelalamika wee, na mimi niko upande wa wanaolalamika. Babu kupeleka kifurushi cha matambara hakumpi mjukuu kiti.

Sushil nampenda kwa jambo dogo. Alikuwa hajaoa, na alikwisha fungwa miaka mitatu India kwa ile kesi ya ndege. Alipoapishwa Februari 2014, mawaziri wakatakiwa kutangaza mali. Mali yake ilikuwa simu tatu za mkononi, na moja yao mbovu. Hana nyumba, hana gari, hana kiwanja. Alishika mwaka mmoja na nusu hivi, katiba mpya ikatangazwa tarehe 20 Septemba 2015, akang'atuka mwezi uliofuata, akafa Februari 2016. Katiba hiyo ndiyo iliyokuwepo miaka kumi baadaye Sushila Karki, mkewe yule mtekaji, alipokula kiapo.